Mapafu ya Mzee Springi

Mzee Springi alikuwa fundi makochi, na kama ulikuwa hujui, angekwambia mwenyewe kabla hujauliza. Angekwambia kwamba kiti anachokalia hakimu wa mahakama ya karibu na soko kilipita mikononi mwake, na kwamba tangu siku hiyo hakimu anatoa hukumu nyepesi, maana mtu aliyekaa vizuri hana hasira. Pengine hakimu mwenyewe ana habari nyingine. Lakini nani atakwenda kumwuliza hakimu habari za makalio yake?

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango mmoja. Magunia ya pamba yalipanda mpaka darini, springi zilining'inia ukutani kama matumbo ya mashine, na katikati palikuwa na kochi lililovuliwa nguo, limekaa kinyonge kama kuku aliyenyonyolewa. Jina la Springi alipewa na wateja. Ukimkandamiza kwa maneno upande huu, anaibuka upande ule.

Mwanawe alikuwa ameoa mwalimu wa chuo cha wauguzi, na hapo ndipo kichwa cha mzee kilipozidi kuvimba.

"Muuguzi akikuchoma sindano ukapona," alikuwa akiwaambia wateja, "mshukuru mkamwana wangu, ndiye aliyemfundisha. Akikukosea mshipa, hiyo ni ya muuguzi mwenyewe."

Jambo ambalo hakuwaambia ni kwamba mkamwana huyo alikuwa mwalimu wa muda tu. Mkaguzi alikuwa njiani kuja kumtazama akifundisha somo moja, moja tu. Akiridhika, binti ataajiriwa moja kwa moja. Asiporidhika, muhula ukiisha na yeye ameisha. Somo lenyewe lilikuwa mfumo wa upumuaji, na kifaa cha chuo cha kuonyeshea mapafu kilikuwa kimekauka mpira, ukikigusa kinapasuka kama papadi kavu.

Basi siku moja mchana mkamwana akaingia karakana, amefunga kitambaa kichwani vizuri, amesimama kwa adabu karibu na mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu wangu! Pita, kaa. Si hapo, hapo kuna misumari. Kaa hapa."

Akaketi, akaeleza shida yake. Mzee hata hakumwacha amalize. "Unataka mapafu? Yaani mimi niliyemshonea hakimu nishindwe na mapafu? Chora."

Mkamwana akachukua chaki ya fundi, akachora kwenye kipande cha ubao. "Hewa inaingia puani, baba, inashuka kooni, inafika hapa. Hili ni zoloto, ndimo sauti inamotoka."

"Kumbe ndiyo jina lake! Mama yako huko uani la kwake halijawahi kupumzika."

"Nimesikia!" mkewe akajibu kutoka uani.

"Si unaona?"

Mkamwana akaficha kicheko kwenye kiganja. "Hapa juu kuna kidakatonge. Ni kama kifuniko. Ukimeza chakula kinaziba njia ya hewa, tonge lisipotee njia. Halafu linakuja bomba la hewa, linashuka, linagawanyika huku na huku..."

"Kama suruali."

"Kama suruali, baba. Kila mguu unaingia kwenye pafu lake. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili."

"La kushoto limepunjwa na nani?"

"Moyo umeegemea upande huo, umechukua nafasi."

"Mpangaji," alisema Mzee Springi, akatikisa kichwa kwa kuuonea uchungu upande wa kushoto.

"Na hapa chini ni kiwambo. Ni msuli mpana, unatenga kifua na tumbo. Kikishuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Kikipanda, hewa inatoka. Nataka wanafunzi wavute kiwambo kwa mkono, waone mapafu yakivimba. Kwa hiyo mifuko iwe mitupu, baba. Mitupu kabisa. Usitie kitu."

Mzee akatabasamu, akaitikia, "Nimeelewa, mwanangu." Na kweli alielewa, ila alielewa kivyake. Aliona binti wa watu anamstahi. Anaona haya kumtia baba mkwe wake hasarani kwa kumalizia pamba, ndiyo maana anasema mitupu. Mkwe mwenye malezi hawezi kusema "nijazie". Anasema "usijisumbue", na wewe mwenye utu ndiyo unajisumbua. Hivyo ndivyo alivyoona mzee. Tena tangu ashike sindano, Mzee Springi alikuwa hajawahi kutoa mto mtupu mlangoni mwake. Aanze leo, kwa mkwe?

Akaingia kazini. Kifua alikitengeneza kwa dumu lile kubwa la maji ya ofisini, lile la plastiki inayoonyesha ndani. Akalikata kitako, shingo ikabaki juu kupitishia bomba la hewa. Chini akawamba mpira wa ndani wa tairi la lori, kiwambo hicho, akaufunga kwa kamba na kuutia kitanzi cha kuvutia. Kwa mapafu alitafuta kitu chembamba kisichopitisha hewa, chenye rangi ya nyama. Akatafuta karakana nzima asikione. Mwisho akakiona kimetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

"Koti langu la mvua la pinki liko wapi?" mkewe aliuliza jioni.

"Linapumua," alijibu mzee, na hakufafanua.

Akakata, akagundisha, akashona, akapaka gundi juu ya mshono. La kulia akalipa sehemu tatu. Alipofika la kushoto, mkono ukakataa kupunja, akalipa tatu vilevile. Halafu akachukua pamba safi ya daraja la kwanza, ile ya makochi ya wenye magari, akashindilia pafu la kulia mpaka likakaza, akashindilia la kushoto mpaka likakaza. Akayafinya. Akayapiga kofi. Yakatoa mlio ule anaoupenda fundi makochi kuliko muziki. Mwisho akatia kifungo katikati ya kila pafu, maana kitu cha mkwe hakiendi uchi.

Wiki hiyo mtaa ulikoma. Mteja akikohoa, mzee anamwambia, "Huo ni mkamba, mirija yako ya hewa imevimba." Mteja akilalamika kochi limechelewa, anaambiwa apunguze zoloto. Kinyozi jirani alipopaliwa na chai, wenzake wakampiga mgongoni, lakini Mzee Springi alisimama pembeni na kutangaza, "Kidakatonge! Kimechelewa kufunga! Nilijua tu!"

Asubuhi ya ukaguzi akakipeleka kifaa chuoni mwenyewe, kwa mkokoteni, amekifunika shuka. Mkamwana alikuwa ameomba tangu juzi akione mapema, na mzee akamwambia kazi yake haionwi nusu nusu. Sasa binti akasimama mbele ya ile shuka, mkono umeanza kunyooka, ukarudi. Utaifunuaje kazi ya baba mkwe wako mbele ya macho yake kana kwamba humwamini? "Ahsante, baba. Sasa baba unaweza kwenda kupumzika."

"Kupumzika na nini? Nitakaa nyuma kule. Sitasema neno."

Darasa lilijaa wanafunzi wenye sare nyeupe. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene, mtulivu, aliyening'iniza miwani kwa mnyororo shingoni. Alikaa dawati la mwisho, na Mzee Springi akajibana dawati hilo hilo, akalitikisa kidogo kupima miguu yake, akaguna kuonyesha kwamba limelegea.

Mkamwana alianza vizuri. Alipita pua, koo, zoloto na kidakatonge bila kujikwaa, na mzee nyuma alikuwa akiitikia kila jina kwa kichwa kama mtu anayesikia ndugu zake wakitajwa. Ndipo binti akaivuta shuka.

Darasa likasema "Aaa!" Kifaa kilikuwa kizuri. Mapafu mawili ya pinki yalining'inia ndani ya dumu, manene, yenye afya, kila moja na kifungo chake.

"Sasa tutazame hewa inavyoingia," alisema mkamwana, akashika kitanzi, akavuta kiwambo.

Mapafu yakatulia.

Akavuta tena, kwa nguvu. Mpira ukashuka mpaka ukalia. Mapafu hayakutikisika. Yalikaa kama mito miwili sebuleni inayosubiri wageni. Mwanafunzi mmoja wa mbele akacheka, akajifanya anapiga chafya. Mkaguzi akavaa miwani.

Binti akainama, akatazama ndani ya dumu, na pale kwenye mshono akaona unyuzi mweupe wa pamba umechungulia. Kazi yake yote, ajira, muhula ujao, vyote vilikuwa vimening'inia pale kwenye vifungo viwili. Akanyanyua macho akamwona baba mkwe wake kule nyuma, anamnyooshea dole gumba.

Akavuta pumzi yeye mwenyewe. Kisha akageukia darasa, uso mkavu.

"Nani ataniambia mgonjwa huyu ana nini?"

Akakivuta kiwambo mara nyingine.

"Kiwambo kinafanya kazi, mmekiona. Njia ya hewa iko wazi. Lakini hewa haina pa kuingia, kwa sababu vile vifuko vidogo vya hewa ndani ya pafu vimejaa. Kwa mtu vinajaa usaha na majimaji. Ukimtazama mgonjwa utaona anapumua harakaharaka, mbavu zinaingia ndani, anavuta na hapati. Ni ugonjwa gani?"

"Nimonia!" darasa likaitikia.

"Nimonia. Haya ni mapafu yenye nimonia."

Ilikuwa imekwisha hapo. Kazi imeokoka! Mkaguzi alishaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini kiti kikalia kule nyuma, na mtu aliyeahidi kutosema neno akasimama wima.

"Nimonia ya nani?"

"Baba..." alisema mkamwana.

"Hakuna ugonjwa mle! Mimi sitoi kazi yenye ugonjwa. Mle kuna pamba safi, daraja la kwanza, haina mbegu hata moja! Nimeshindilia kwa mikono yangu!"

Darasa likapasuka kwa vicheko. Mkaguzi akageuka taratibu. "Mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ni baba mkwe wa mwalimu, na ndiye niliyeyatengeneza mapafu haya. Hata hakimu ananijua."

"Mwalimu alikuagiza ujaze pamba?"

Hapo Mzee Springi akanywea kidogo. Alimtazama binti, ambaye alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaona kwamba uso ule si wa mtu anayestahi. Ni wa mtu anayezama.

"Hapana," akasema, sauti imeshuka. "Aliniambia yawe matupu. Nikadhani ananionea haya. Mkwe atakuomba pamba kwa mdomo wake? Nikajaza. Na la kushoto nikaliongezea kipande cha tatu, bure."

"Nilikuwa nataka kuuliza kuhusu hicho kipande," alisema mkaguzi.

Mkamwana alijua sasa amebaki na njia moja tu. "Njoo mbele, baba," akamwita. "Mgonjwa ni wako. Mtibu."

Mzee akapita katikati ya madawati, kifua mbele. Akafungua kamba ya kiwambo, akaingiza mkono, akalifungua pafu la kulia kwenye mguu wake wa bomba, kisha la kushoto. Akatoa mfukoni kile kiwaya chake chenye ndoana cha kuvutia uzi. Akaanza kuichomoa pamba, fungu kwa fungu, na kila fungu lililotoka alilitazama kama mtu anayeng'olewa jino lisilouma. Wakati wote huo mkamwana hakunyamaza. Aliwaambia wanafunzi kwamba kwa mgonjwa hatuingizi ndoana, tunatoa dawa, tunamkalisha aegemee mito, tunamsaidia akohoe makohozi yatoke. Aliwauliza maswali, wakajibu wakigombania. Mmoja akauliza kifungo ni kiungo gani cha mwili.

"Hicho ni cha urembo," alisema Mzee Springi, bila kugeuka. "Wewe huna, ndiyo maana unauliza."

Mapafu yakarudishwa, yamesinyaa, yamekunjamana, koti la mvua tupu. Mzee aliona aibu kuyatazama. Alifunga kiwambo, akarudi nyuma hatua moja.

"Vuta, baba," alisema mkamwana.

Akavuta.

Hewa ikapita bombani kwa mlio mwembamba, na mapafu yakaamka. Yakajinyoosha, yakajaa, yakavimba pande zote mbili mpaka yakagusa dumu. Akaachia, yakashuka taratibu. Darasa likapiga makofi.

Mkaguzi akasimama, akakusanya mkoba wake. "Mwalimu," alisema, "mimi hutazama jambo moja zaidi ya yote: mtu akiharibikiwa katikati ya somo atafanyaje. Leo nimeoneshwa na ukoo mzima. Nitapendekeza uajiriwe. Ila hilo la kushoto lipunguzwe, wasije wakatoka hapa wakimtafutia mgonjwa kipande kisichokuwepo."

Binti alishukuru kwa sauti ndogo, akageuka upande wa ubao na kujifuta macho kwa kifutio, akabaki na vumbi la chaki usoni. Kengele ikalia. Wanafunzi wakaanza kutoka wakisukumana.

"Baba umesikia? Nimepita!"

"Nimesikia."

"Basi achia, baba, darasa linafungwa."

Mzee Springi hakuachia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, anavuta na kurudisha, anavuta na kurudisha, na mdomo wake mwenyewe unafunguka na kufumbika kufuata mapafu.