Utani wa Kidato cha Pili

Mwalimu Valence Mapunda ukipishana naye njiani hutageuka kumtazama mara ya pili. Ni mfupi, mpole, shati la mikono mirefu hata jua likiwaka vipi, na baiskeli ambayo mlio wake tunaujua kabla hajafika getini. Kwao ni Maposeni. Bado analima mahindi huko, na msimu wa kupanda ukifika, Jumatatu anaingia ofisini kucha zikiwa na udongo. Anafundisha Kiswahili, mimi nafundisha Baiolojia, na meza zetu zimegusana. Habari zake sihitaji kuziulizia kwa mtu.

Jambo moja alilichukia kuliko yote: notisi za fasihi. Kwenye shule nyingi hapa kwetu riwaya haisomwi. Mwalimu anaandika ubaoni wahusika, dhamira na ujumbe, watoto wananakili, wanakariri, wanafaulu. Ukimuuliza mtoto kitabu kilimfanya ajisikie vipi, anakutazama kama umemuuliza bei ya ndege. Nimesimamia mitihani hiyo, nikapita kati ya madawati na kuona darasa zima limeandika sentensi ileile, koma kwa koma. Inatia kinyaa, ila ukilisema hilo ofisini unaonekana unajidai.

Mwaka huu Valence alipata parokiani nakala chache za riwaya moja kuhusu wakimbizi. Familia inakimbia vita, inavuka mto, inafika kijiji cha watu baki. Wanakijiji si wakatili. Wanawapa wageni maji, lakini kwenye kopo, ili vikombe vyao visichafuke. Valence akaamua Kidato cha Pili wataisoma yote kwa sauti, kisha watajadili. Akapanga madawati kwa duara na kuwakataza kushika kalamu. Mkuu wa shule alipita dirishani, akauliza kama ni somo au ni kikao cha vikoba, cha kuweka na kukopeshana.

Siku ya kwanza mjadala ulilala. Watoto walizoea jibu liwe moja, na liwe la mwalimu. Valence akajaribu kuwachokoza. Akawaambia kwamba hata Wangoni, wanaojisifu hapa mjini, babu zao walitoka kusini wakikimbia vita. Hapo Kajetani akanyoosha mkono. Kajetani ndiye kinara wa darasa, kijana wa maneno, anayependwa na walimu kwa kuwa anajua kuwachekesha. Alisema, "Sisi tulikuja na mikuki, mwalimu. Hatukuja na mabegi." Darasa likapiga meza kwa furaha. Valence naye alicheka, akaja kunisimulia huku uso unamng'aa. Aliamini mjadala umeanza.

Siku ya pili akauliza kama kuna mwenye ndugu aliyewahi kukimbia vita. Mkono mmoja tu ndio uliopanda, wa Zulfa. Ni binti wa Tunduru, Myao, wazazi wake wana mikorosho huko, yeye anaishi Lizaboni kwa bibi yake ili asome mjini. Hana makelele. Siku hiyo alisimama akaeleza kwamba bibi yake alivuka Ruvuma akiwa mgongoni mwa mama yake, enzi za vita vya Wareno kule Msumbiji, na kwamba walilala porini bila kuwasha moto ili wasionekane. Aliongea vizuri, watoto wakatulia. Valence aliniambia hajawahi kufundisha kipindi kizuri kama hicho tangu aanze kazi.

Kesho yake mchana, kwenye foleni ya makande ya mahindi na maharage, sahani ya Zulfa haikuonekana. Kajetani akamletea chakula kwenye kopo la rangi, lile la mafundi waliopaka madarasa, bado lina ukoko mweupe pembeni. Akapiga goti kama mhudumu wa hoteli na kusema, "Karibu, mkimbizi. Vikombe vyetu visichafuke." Foleni nzima ikaangua kicheko. Kilichonichefua si watoto. Walimu wawili walikuwa kivulini na sahani zao, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

Zulfa alilipokea kopo. Alilitazama kidogo, kisha akamwagia Kajetani makande yote kifuani.

Ndipo kicheko kilipokwisha, na kesi ikaanza. Ilikuwa kesi ya Zulfa, si ya Kajetani.

Nilikuwemo kwenye kamati ya nidhamu. Mwalimu Rupert, mwenyekiti wetu, alieleza jambo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua. Wangoni na Wayao ni watani. Mtani anaweza kukuita utakavyo, anaweza kukuchukulia kuku wako, anaweza kukutania hata msibani mbele ya maiti, na wewe huruhusiwi kununa. Anayekasirikia utani ndiye mkosaji, hiyo ni mila, haikuanza leo. Kajetani alitania. Zulfa alikasirika, tena akamwaga chakula cha shule na kuharibu sare ya mwenzake. Kwa hiyo atakaa nyumbani mpaka akubali kuomba radhi mstarini mbele ya shule nzima.

Valence si msemaji wa vikao, lakini siku ile alisimama. Alisema yeye ni Mngoni na amekua ndani ya utani. Mtani anayekucheka msibani ndiye huyohuyo anayechimba kaburi na kubeba maji. Utani una midomo miwili, na watani wote wawili wanajua wanacheza. Darasa zima kumcheka mtoto mmoja kwa siri aliyowaamini nayo jana yake, huo si utani, ni uchafu. Nikaunga mkono. Rupert akatabasamu, akasema Mwalimu Mapunda siku hizi riwaya zimemwingia kichwani, na wajumbe wakacheka kidogo, cheko lile la watu wanaotaka kikao kiishe wakanywe chai. Sijawahi kuwaona watu wazima wakijificha nyuma ya mila kwa uvivu namna ile. Tulishindwa kura, mimi na yeye peke yetu.

Kibaya zaidi, Zulfa asipoomba radhi jina lake lingefutwa, na muhula ulikuwa unaishia. Baba yake alikwisha piga simu kutoka Tunduru kwamba kama mjini kuna matatizo, binti arudi, mchumba hatakosekana. Valence alilijua hilo. Siku ile chai yake ilipoa mezani hakuigusa.

Jumamosi mimi na Valence tulikwenda Lizaboni. Bibi yake Zulfa anaitwa Mwanaisha, mwanamke mkavu mwenye macho makali, anauza vitumbua barazani kwake. Valence aliinama akasema, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitikia marahaba, kisha akamuuliza Mngoni gani huyu anayebisha hodi mchana, maana anaowajua yeye huja usiku wakitafuta mbuzi wa watu. Valence akajibu kwamba mbuzi wa Wayao wamekonda, ndiyo maana siku hizi wanakuja mchana kuchagua. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, akatutengea vitumbua, akakataa katakata malipo. Nikajiambia, Rupert angekuwepo hapa aone utani ni kitu gani.

Zulfa alikaa mlangoni. Valence akamweleza bibi kilichotokea, na akasema wazi kosa ni lake mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyemfungulia mtoto mlango wa kusema bila kujua nani anasikiliza. Akasema atapeleka malalamiko ngazi ya juu, hata ikichukua mwaka. Asingekubali mtoto aliyetukanwa ndiye aombe radhi.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono kwa khanga.

"Ataomba," alisema.

Valence akaanza kupinga. Bibi akainua kiganja.

"Mwalimu wangu, Mungu akujalie. Wewe shule unayo, ukikosana nao utahamia nyingine. Huyu hana. Mwaka mzima wa malalamiko yako yeye atakuwa Tunduru na mtoto mgongoni. Ataomba radhi Jumatatu, inshallah, na Jumanne atasoma."

Zulfa hakuinua uso. Tulirudi kwa miguu, Valence anakokota baiskeli.

Jumatatu mstarini niliona jambo ambalo sijaweza kulisahau. Zulfa alisimama mbele, sare imepigwa pasi, akasema anaomba radhi kwa Kajetani, kwa walimu na kwa shule kwa kukosa uvumilivu. Sauti haikutetemeka. Shule ikampigia makofi. Rupert akamshika bega, akatangaza kwamba huo ndio ustaarabu, na kwamba shule yetu ni familia moja isiyobagua mtu. Halafu akamwita Kajetani wapeane mikono. Kajetani akaja akitabasamu, shati jipya, na makofi yakaongezeka. Walimu wale wawili wa kivulini walipiga kwa nguvu kuliko wote. Valence alikuwa amesimama nyuma ya mstari wa walimu, mikono mfukoni.

Nilidhani ataitupa riwaya ile. Hakuitupa. Zilibaki kurasa chache, na wiki hiyohiyo akawapanga tena kwa duara kuzimaliza. Kipindi changu kilikuwa kinafuata, nikafika mapema, nikasimama mlangoni. Mwishoni mwa kitabu mama wa ile familia anapewa kibanda pembezoni mwa kijiji, na anapita nyumba kwa nyumba akiwashukuru watu, hata yule aliyewapa maji kwenye kopo. Valence aliuliza kwa nini anamshukuru na yule.

Mikono ikapanda kwa wingi. Mmoja alisema mama ana adabu. Mwingine akasema amejifunza mila za wenyeji. Kajetani alisema mama ametambua kwamba wanakijiji walikuwa watu wema, ni yeye tu aliyewaelewa vibaya mwanzoni. Alilisema kwa ufasaha, na wengi wakatikisa kichwa kukubali. Nilitamani niingie nimtoe nje kwa sikio.

Valence alizungusha macho kwenye duara, hakumwita mtu. Ilikuwa zamu ya Zulfa na wote walijua, hata yeye. Aliongea bila kusimama.

"Hashukuru, mwalimu. Anaomba asifukuzwe tena."

Kuna walioinamisha uso, na nikadhani, hatimaye, hata hawa wana haya. Kisha nikasikia mifuko ya shule ikifunguliwa. Kalamu zilizokatazwa zilikuwa zinatoka, moja baada ya nyingine, maana walikwisha nusa kwamba hilo ndilo jibu, na jibu linaweza kuja kwenye mtihani. Kajetani alikuwa wa kwanza kufungua daftari. Aliinua kichwa, wala hakukuwa na kejeli usoni mwake, alikuwa anauliza kweli.

"Mwalimu, hilo tuliandike kwenye dhamira au kwenye ujumbe?"

Valence aliweka chaki mezani, akatazama vidole vyake.

"Andika popote," Zulfa alimwambia, akafunga kitabu.

Wakaandika.