Kurasa Nne za Ruffin

Donatille alipoteza kazi kwa sababu ya kurasa nne tupu. Alikuwa sekretari katika shirika dogo huko Himbi. Siku wafadhili walipofika, ripoti aliyoichapa ilitoka na ukurasa mweupe kabla ya kila jedwali. Mkuu wake, Ruffin, aliinyanyua mbele ya wageni, akaipekua polepole.

"Muone kazi ya mutu mwenye anasema alisoma."

Wakacheka. Mkurugenzi wao, Mama Victoire, hakucheka, lakini mwisho wa mwezi mkataba wa Donatille haukuongezwa.

Kabla ya kuondoka aliinakili ripoti ile kwenye flash. Nyumbani Murara, kwenye laptop ya dada yake, aliifungua na kubonyeza kile kitufe kinachoonyesha alama zisizoonekana. Kabla ya kila jedwali palikuwa na alama mbili za kukata ukurasa, moja juu ya nyingine. Yeye alikuwa ameweka moja tu. Akafungua maelezo ya faili: imeandikwa na Donatille, imehifadhiwa mara ya mwisho na Ruffin, saa moja na dakika arobaini, asubuhi ileile.

Hakumwambia mtu. Hasira ile aliitunza miaka miwili. Akafungua kibanda cha kuchapa na kuprinti, akajifunza kila njia ambayo ukurasa mtupu huingilia, hata wanafunzi wa chuo wakawa wanaambiana, "Peleka kwa Mama Donatille, atazitoa."

Ndivyo Ruffin naye alivyoelekezwa. Alikuja na mémoire yake, kazi ya kuhitimu masomo, ambayo ilipaswa kufika chuoni kabla ya saa sita mchana, akatoa flash bila kumtazama vizuri aliyempokea.

"Mama, kuko page za bule. Nafuta, zinarudi."

Donatille aliuona ugonjwa mara moja. Kila sura ilikuwa imepangwa ianze kwenye ukurasa wa kulia tu, na chini ya jedwali la mwisho kulikuwa na mstari mtupu usiofutika. Kazi ya dakika tatu. Akatoa mikono kwenye kibodi.

"Unanikumbuka, Papa Ruffin?"

Sasa alimtazama.

Donatille alifungua ripoti ya zamani, akageuza kioo cha kompyuta ili wanafunzi watatu waliokuwa wakingoja nao waone. "Soma hapa. Kwa sauti."

Ruffin akasoma jina lake mwenyewe na saa.

"Ilikuwa mbio," akasema, akilionyesha jedwali la kwanza. "Nilitaka matablo ianzie juu ya page."

"Na ulijua ni wewe?"

"Nilijua wakati walianza kucheka."

Donatille alimsogezea karatasi na kalamu. "Andikia Mama Victoire maneno hayo."

"Mama Donatille, hayo ni mambo ya zamani. Saa sita wanafunga."

"Basi andika mbio."

Aliandika mistari tisa, akatia sahihi. Donatille akaipiga picha barua na kumtumia Mama Victoire, Ruffin akiwa amesimama palepale. Ndipo akabadilisha mpangilio wa sura, akaufanya ule mstari mtupu kuwa mdogo kama nukta, akaprinti. Alimfunulia ukurasa mmoja mmoja, bila haraka yoyote, huku Ruffin akitoka jasho. Ilikuwa imebaki robo saa alipokimbilia pikipiki.

Siku ya tatu Mama Victoire alipiga simu. Aliomba msamaha, akamwuliza kama angependa kurudi kazini.

"Hapana, Mama. Ninataka tu hiyo barua isomwe mbele ya wafanyakazi wote. Na mimi niwe pale."

Ikasomwa Jumatatu. Donatille alikaa kiti cha mbele, akamkazia Ruffin macho tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Ruffin alitazama viatu vyake. Baada ya kikao alimfuata mlangoni, akanyoosha mkono. Donatille aliutazama mkono ule mpaka Ruffin mwenyewe akaushusha, kisha akaenda zake kufungua kibanda.