Msichana Aliyejibu Akiwa Amepiga Magoti

Nilipoanza kazi ya kupokea wanafunzi katika chuo cha ualimu Tororo, bado tulikuwa chini ya Waingereza, na mimi nilikuwa kijana mwenye cheti cha sekondari na suruali mbili. Niliifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu. Nilisoma barua za maombi, nilikaa kwenye usaili, na jioni niliwasikiliza wanafunzi waliotaka kurudi nyumbani kwa sababu ya mama mgonjwa, au ya uji mbaya, au kwa kilio tu ambacho wenyewe hawakujua kilikotoka. Wengi walinishukuru. Ninayemkumbuka zaidi hakunishukuru, na alikuwa na haki.

Alitoka Lumino. Siku ya usaili, mkuu wa chuo, Mzungu mpole aliyekuwa mgeni nchini, alikaa katikati ya meza, nami pembeni na fomu. Msichana alivua viatu mlangoni, akaingia, akapiga magoti, akatusalimu. Mkuu akamwonyesha kiti. Yeye akabaki palepale sakafuni. Kila swali alilijibu vizuri, tena kwa Kiingereza safi, lakini kwa sauti ya chini na macho yake kwenye saruji.

Mimi ni Msamia kama yeye. Dada zangu walimsalimu baba hivyohivyo kila asubuhi. Nilijua kwamba nyumbani kwao, kumkazia macho mkubwa anayekuuliza swali ni utovu wa adabu, na kwamba msichana yule alikuwa ametupa heshima yote aliyokuwa nayo.

Alipotoka, mkuu akaniuliza, "Ana nini huyu? Anaogopa?"

Sentensi moja ingetosha. Lakini niliona aibu. Nilikuwa nimejitahidi sana mkuu asinione mtu wa kijijini, na magoti yale yalikuwa kama yangu. Nikasema, "Ni mwoga, bwana. Hataweza kusimama mbele ya darasa." Nikayaandika maneno hayo kwenye fomu. Barua ya kumkataa niliipiga taipu mwenyewe, na sababu nikaiweka ndani.

Mwaka uliofuata nilitumwa kupeleka fomu katika shule za Masinya na Lumino. Nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Busia, mtu aliyejua kila boma la njia ile.

"Karani," akanitania, "hao wasichana unawapeleka Tororo kusoma, au unajitafutia mke?"

Nikacheka, kisha nikamuuliza ni wapi kwao msichana yule. Akaacha utani. "Yule mliyemkataa? Ni pale penye mihogo imeanikwa."

Nyanya yake, aliyemlea, ndiye aliyekuwa akigeuza mihogo. Mjukuu mdogo wa kike alinijia, akanipa mkono akiwa amesimama wima kama askari, macho yake kwenye macho yangu. Nilishtuka.

"Usishangae, mwalimu," nyanya akasema. "Hapa tumeacha magoti. Barua yenu ilisema dada yake iko mwoga. Nikajua ni mimi niliharibu. Mimi ndiye nilimfundisha."

Msichana alikuwa ametoka jikoni, mikono yake ina unga. Niliongea nikimtazama nyanya, kwa sababu msichana sikuweza kumtazama.

"Hukuharibu kitu, nyanya. Nilijua kwa nini alipiga magoti. Mkuu aliniuliza, nami sikumwambia."

"Ulijua siku ileile?" msichana akauliza.

"Siku ileile."

"Na ukaandika mwoga."

"Nikaandika."

"Mwaka mzima huyu mzee ananiomba msamaha," akasema. "Tunapalilia, ananiomba. Tunakula, ananiomba. Na wewe uko Tororo unakunywa chai."

Nikamnyooshea fomu. Alifuta mikono kwenye leso kabla ya kuipokea.

"Nitakuja. Lakini wewe usikae kwenye ile meza."

Niliporudi nilimweleza mkuu yote. Hakunikaripia. Alitoa faili, akaikata sentensi yangu kwa wino, akasema tu kwamba nilipaswa kumwambia mapema. Siku ya usaili mwalimu mwingine alikaa mahali pangu, nami nikangoja uani mpaka niliposikia kwamba amepata nafasi.

Alisoma pale miaka miwili. Wenzake walikuja ofisini kwangu na matatizo yao, wakalia, wakanywa maji, wakaenda. Yeye hakuja hata mara moja. Siku moja nilimwona nyuma ya jiko la chuo, ameketi juu ya kuni, analia kimyakimya. Ilikuwa kazi yangu kwenda kwake, na nilitamani kwenda. Nilipiga hatua mbili, nikageuka, nikamtafuta mama aliyesimamia mabweni ya wasichana.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Na usimwambie nani amekutuma."

Nikasimama mbali mpaka nilipoona mama yule ameketi karibu naye.