Gauni la Njano na Roshani ya Mbele

Mtaani walimwita Mzee Pasi, na jina hilo alilitolea jasho. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima aliumalizia ndani ya meli ya kitalii, chini kabisa, kwenye chumba cha dobi kisicho na dirisha, ambako mashuka yalishuka ndani ya makapu yakiwa yamefinyangwa na kupanda yakiwa yamenyooka. Alizunguka dunia, ndiyo, lakini ukimuuliza dunia ikoje, angekwambia ina joto, ina mvuke na inanukia sabuni. Hata baada ya kustaafu hakuweza kukaa kitini kabla hajakinyoosha kitambaa chake kwa kiganja. Kiganja cha kushoto, kwa sababu mkono wa kulia kwake ulikuwa wa kushikia kikombe tu.

Mkewe alikuwa mshonaji, na watu wote walimwita Fundi, mumewe akiwa wa kwanza. Sebule yao ilikuwa nusu sebule, nusu karakana: cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia vitambaa katikati, na ubao wa pasi kwenye kona, maana alichoshona mke lazima mume akinyooshe. Hakuna nguo iliyotoka nyumba ile ikiwa na kunyanzi.

Basi watoto wao wakakaa, wakashauriana, wakaamua wazazi wapelekwe safari kwa meli ile ile aliyofanyia kazi baba. Safari hii baba asifue wala asinyooshe kitu, akae tu ahudumiwe. Binti yao mkubwa akaja na ramani ya meli, akaitandaza juu ya meza ya kukatia, akaikandamiza pembe kwa mkasi na kimto cha pini. Akaeleza kwamba vyumba vya katikati havitikisiki sana, vya nyuma ni vya starehe lakini viko mbali na ngazi, na vya mbele...

Fundi hakumngoja amalize. Kidole chake kikatua mbele kabisa, ghorofa ya juu, kwenye chumba kikubwa chenye roshani inayotazama kule meli inakokwenda.

"Hiki," alisema. "Pale ndipo baba yenu alipokuwa akinipungia."

Mzee Pasi akapaliwa na chai. Alipopata pumzi alianza kukiponda kile chumba kana kwamba kimemtukana. Upepo wa mbele, alisema, hauna adabu. Utaweka kikombe ukione kikienda zake. Meli ikipiga mbizi, huko mbele ndiko matumbo yanakopanda kooni. Na nanga je? Wakiishusha alfajiri, mnyororo unanguruma hadi meno yanacheza. Katikati ndiko kwa watu wazima wenye akili zao. Binti yake alimtazama kwa mshangao. Baba ambaye hata rangi ya shati lake alichaguliwa na mkewe, leo ana maoni! Fundi hakubishana. Alikunja ramani taratibu, akasema ofisi ya safari inangoja jibu kesho, hakuna haraka.

Haraka haikuwepo, lakini hofu ilikuwepo, na ilikuwa ya Mzee Pasi peke yake. Katika chumba kile hakuwahi kutia mguu.

Mara ya kwanza aliporudi nyumbani, Fundi alikuwa bado bibi harusi. Alikwenda gatini mapema, akasimama juani, na meli ilipogeuka ikaonyesha uso wake, akaona kule juu, kwenye roshani ya mbele, mwanamume wa shati jeupe anatikisa kitambaa cheupe. Akampungia kwa mikono miwili. Yule naye, kwa heshima tu, akajibu. Kumbe ni mhudumu wa vyumba anakung'uta foronya! Mwenye mke alikuwa chini, anahangaika na shuka la mwisho. Aliposhuka kwa mlango mdogo wa wafanyakazi, mkewe alimrukia shingoni, akamwambia, "Nimekuona kule juu. Nilikutambua mara moja." Ungehitaji roho ngumu kuizima furaha iliyokuwa usoni pake siku ile. Mzee Pasi hakuwa na roho hiyo. Akasema naye kamwona.

Tangu hapo uongo ukabidi utunzwe. Kila walipokaribia nyumbani, alimwomba yule mhudumu, ambaye walikuwa wameshakuwa marafiki, amfanyie hisani: apunge, halafu ashuke upesi amsimulie nguo alizovaa Fundi.

"Njano," mhudumu angesema huku akimwaga mashuka. "Kola nyeupe. Kitambaa kichwani."

Na Mzee Pasi angetokeza kwa ule mlango mdogo akilisifia gauni la njano kabla hata hajamfikia mwenye gauni. Fundi angecheka hadi wapita njia wageuke. Kwa hisani hiyo, mashati ya mhudumu yalinyooshwa kuliko ya nahodha.

Ah, siku zile! Walirudi nyumbani kwa miguu wakipokezana begi, yeye akinuka sabuni, Fundi akimhadithia nani kaoa na nani kahama. Watoto walipozaliwa nao wakaingizwa katika mchezo bila kujua. Kila mmoja kwa zamu yake alibebwa begani pale gatini, akaonyeshwa roshani, akaambiwa, mpungie baba. Mzee Pasi aliyakumbuka hayo yote. Wakiingia chumba kile, Fundi atatoka nje na kumuuliza alikuwa akisimama upande gani. Atajibu nini? Na akisema kweli, si atakuwa amempokonya mkewe zile siku zote, moja baada ya nyingine?

Kesho yake mchana, Fundi alikuwa anamalizia sehemu ya juu ya gauni jipya la safari, na Mzee Pasi amesimama kwenye ubao wake akinyoosha sehemu ya chini, iliyokuwa bado haijaunganishwa. Gauni lilikuwa la njano, bila shaka. Aliitazama ile rangi ikiteleza chini ya pasi, akashindwa kuvumilia.

"Fundi," alisema. "Kile chumba sijawahi kukiingia."

Cherehani haikusimama mpaka mshono ukafika mwisho. Fundi akakata uzi.

"Najua."

"Umejua lini?"

"Mwaka wa pili. Yule mtu alikuwa anapunga mkono wa kulia. Mashati yako yote nimeyashona mimi, mkono wako nisiujue?"

Mzee Pasi akaiachia pasi pale pale ilipokuwa. "Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unampungia nani?"

"Wewe. Nilijua atashuka akusimulie. Unadhani njano naipenda? Siipendi hata kidogo. Lakini mwanamume ukimtuma akasimulie gauni, rangi isipompigia kelele atakuja kukwambia, amevaa gauni."

Mzee Pasi alicheka, kisha kicheko kikamgeukia, akawa anafuta macho. Ndipo harufu ikawafikia wote wawili. Dobi mzima wa meli, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa ameunguza pindo. Fundi alilikagua, akasema litafichwa kwa utepe mweupe.

"Na chumba bado unakitaka?" aliuliza mumewe.

"Nakitaka. Kuna mtu ambaye sijawahi kumwona pale juu."

Siku ya safari Fundi alivaa lile gauni lenye utepe. Abiria walipoanza kupanda, alimwambia mumewe atangulie, yeye abaki kidogo na binti yao. Mzee Pasi alipanda, akauliza njia, akafungua mlango. Kwa mazoea aliichomoa foronya kitandani, akaigeuza, akaona wameinyoosha ovyo, lakini leo hakuwa na muda wa kugombana na mtu. Alitoka roshani, upepo ukampiga usoni, akaenda hadi kona inayotazama gati.

Njano aliiona mara moja. Lakini yule mhudumu, pamoja na kola zote na vitambaa vyote alivyovisimulia, hakuwahi kumwambia kwamba Fundi alikuwa akisimama kwa ncha za vidole. Alikuwa amejivuta juu, kiganja kimekinga jua, anapekua kila roshani kwa macho.

Mzee Pasi akaipunga foronya kwa mkono wa kushoto. Fundi akajibu kwa mikono miwili, na hakuacha mpaka binti yake alipomshika kiwiko kumkumbusha kwamba na yeye pia ni abiria.