Kibanio cha Kidole cha Shangazi

Wenzake walimwita Bi Hakika, jina lililokuwa nusu sifa na nusu utani. Alikuwa mtu wa kufunga mlango wa nyumba, akafika barabarani, kisha akarudi kuusukuma aone kama kweli umefungika. Tabia hiyo ilimchosha mumewe, lakini hospitalini ilikuwa na kazi. Bi Hakika alikuwa fundi wa vifaa, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya dawa. Hakuna kifaa kipya cha mashine za kufuatilia wagonjwa kilichokwenda wodini kabla hajakishika: nyaya za kifuani, mikanda ya kupimia presha, na vile vibanio vya kidoleni vinavyoiwezesha mashine kuonyesha kiwango cha oksijeni katika damu.

Vibanio ndivyo vilivyomnyima raha. Vya kughushi vilizagaa madukani, vimefungwa vizuri, lebo safi, plagi ikiingia bila taabu. Tena vilikuwa na ujanja wao: vikivaliwa na mtu mwenye afya, vilisema kweli, lakini vilianza kudanganya oksijeni ilipopungua, yaani pale pale ambapo kweli ilihitajika. Kwa hiyo yeye hakuridhika na lebo. Alikibana kibanio kidoleni mwake, na kando yake kingine cha asili kilichounganishwa na mashine ya pili, kisha akaziba pua na kufumba mdomo, akizitazama namba. Zikishuka pamoja, kipya kilipita. Kipya kikibaki juu peke yake, kilitupwa kwenye ndoo.

"Leo umezamia mto gani, Bi Hakika?" wapita njia walimtania dirishani, wakimwona amevimba mashavu na macho yamemtoka.

Wiki moja alishikwa na mafua. Boksi jipya la vibanio likafika, nayo wodi ya upasuaji ikawa inapiga simu bila kukoma kuvidai. Alizuia pumzi, kikohozi kikamkaba. Akajaribu tena, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Namba ilisoma tisini na nane, muhuri ulikuwa mzima, lebo haikuwa na kasoro. Akavipitisha, akijiambia kwamba atavirudia kifua kikitulia.

Tangu hapo hakutulia. Chai ilipoa mkononi. Alianza kukunja nguo, akaziacha kitandani, akaenda kusukuma mlango ambao hakuna aliyekuwa ameufungua. Siku iliyofuata shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, alipasuliwa tumbo na kulazwa katika wodi ile ile. Bi Hakika hakungoja hata kuvua koti la kazi. Saa ya kuwaona wagonjwa ilimkuta tayari yuko mlangoni.

Shangazi alikuwa ameegemezwa mito. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Umekuja... mikono mitupu?"

"Nimeleta machungwa, shangazi. Mbona unaongea kwa vituo?"

"Nimepasuliwa tumbo. Ulitaka... niimbe?" Alitweta kidogo, kisha akaielekeza mashine kwa kidevu. "Mwenzako huyo... anasema mimi mzima. Bishana naye."

Namba ilikuwa tisini na sita. Ilikuwa imetulia, haitikisiki. Bi Hakika aliufuata waya mweupe kwa macho, kutoka kwenye mashine hadi kidoleni mwa shangazi, akakitambua kibanio cha lile boksi jipya, kazi yake mwenyewe.

Muuguzi wa zamu alikuwa ameshamkaribia. "Hata mimi sina amani naye, dada. Nimehesabu pumzi zake, anapumua mbiombio. Daktari yumo chumba cha upasuaji. Ameniuliza namba ni ngapi, nikamwambia tisini na sita, akasema atakuja akimaliza."

Angeweza kusema kwamba anakagua tu waya. Maneno hayo yalikwisha kufika ulimini.

"Sista, kibanio hiki nilikipitisha mimi bila kukijaribu inavyopasa," alisema. "Kile cha zamani kipo?"

"Chenye waya uliofungwa plasta? Kimo kwenye droo. Si ulinikataza kukitupa?"

Walikibadilisha. Kwa muda skrini ilionyesha vistari vitupu, Bi Hakika akahisi kana kwamba ni yeye aliyezuia pumzi. Kisha namba ikatokea: themanini na tatu. Mashine ikaanza kulia. Muuguzi alikuwa ameshika barakoa ya oksijeni kabla mlio wa pili haujatoka. Mkono wa pili ulikuwa kwenye simu. "Themanini na tatu, daktari. Ndiyo. Ile ya mwanzo haikuwa kweli."

Daktari alifika na kofia ya upasuaji kichwani. Alisikiliza mgongo wa shangazi, akaeleza kwamba maumivu ya mshono yalimfanya aogope kuvuta pumzi, na sehemu ya chini ya mapafu ilikuwa imeanza kusinyaa. Akaagiza dawa ya maumivu na picha ya kifua, akamkalisha wima, akamwamuru avute pumzi ndefu hata kama anamchukia kwa hilo.

"Nakuchukia," shangazi alisema ndani ya barakoa, akavuta.

Bi Hakika alipita kitanda hadi kitanda akivivua vile vipya, akimweleza kila mgonjwa sababu, huku muuguzi akifuata nyuma na vya zamani. Palipopungukiwa walikiacha kibanio kimoja kizunguke kwa zamu. Boksi lote likarudi karakanani, na taarifa kwa mkuu wa wodi akaitoa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akikohoa.

Aliporudi, namba ya shangazi ilikuwa tisini na mbili.

"Umemaliza ugomvi na mashine?"

"Bado, shangazi."

"Basi kaa."

Alikaa. Akainuka kuigusa plagi.

"Mtoto wewe, kaa!"

Akakaa tena, mikono ameikalia. Namba ilipanda tisini na tatu, ikashuka tisini na moja shangazi alipocheka, ikapanda tena. Haikutulia hata kidogo, naye hakuiondolea macho.