Mfua Mashuka Aliyerudisha Medali

Saa moja kasoro robo asubuhi, mvuke umeshajaa chumba cha kufulia cha hospitali, na mwanamke mfupi mwenye mikono mipana anavuta mashuka yaliyoloa kutoka kwenye tumbo la mashine. Anayavuta mawili mawili, anayatupa kwenye toroli, anarudi kuchukua mengine. Ukimuuliza kama amechoka, anakutazama kama umemtukana.

"Nichoke na nini? Mimi saa hizi nimeshakimbia kilomita tisa," anasema. "Hapa ndipo ninapopumzika."

Wenzake wanamwita Mama Mashuka. Ana miaka arobaini na nane, watoto watatu, mume seremala, na miaka kumi na tisa ya kazi ndani ya chumba hiki kisicho na dirisha. Kwa siku yanaingia mashuka kama mia sita. Yenye damu yanalowekwa kwanza kwenye maji baridi, na ole wake mgeni atakayeanza na ya moto.

"Doa likishapikwa halitoki tena," anaeleza. "Nilimwambia hivyo msimamizi mpya, akasema atafanya anavyojua. Mashuka arobaini yamekuwa matambara ya kupigia deki."

Lakini mwandishi wa simulizi hii hakwenda pale kuuliza habari za madoa. Alikwenda kwa sababu alisikia kuna mfanyakazi wa hospitali aliyemaliza mbio za kilomita ishirini na moja, akavishwa medali, kisha akapanda ngazi za ofisi ya waandaaji na kuwarudishia. Watu hawarudishi medali, hasa watu ambao hawajawahi kupata nyingine.

Habari yenyewe inaanzia darasa la sita. Kila jioni Mama Mashuka na wasichana wengine watano walikimbia peku kuzunguka uwanja wa nyuma ya shule, wakipiga soga na kuchekana njia nzima. Hakuna aliyewafundisha. Mwisho jina lake likabandikwa kwenye mlango wa mwalimu mkuu, katika orodha ya waliochaguliwa kwenda kwenye mashindano ya wilaya.

Siku mbili kabla ya safari, mama yake akaugua. Yeye ndiye aliyekuwa binti mkubwa, akabaki nyumbani kupika na kuosha.

"Ile karatasi haikubanduliwa mpaka muhula ukaisha," anasema. "Nikawa napita, nasoma jina langu, naenda zangu. Hakuna aliyenionea huruma, na mimi sikuiomba. Lakini iliniuma, nisikudanganye."

Miaka thelathini na ushee ikapita bila kukimbia, labda awe anaikimbia mvua isimkute na nguo kambani. Alipofikisha arobaini na mitatu, presha ikapanda. Daktari wa hospitali hiyohiyo anayoifulia mashuka akampa mambo mawili achague moja: aanze mazoezi au aanze vidonge vya maisha.

Akaanza kukimbia peke yake, mkononi simu yenye programu ya kupima mwendo, na simu ikawa inamwambia kila asubuhi kwamba jana alikuwa na mbio zaidi. Alikimbia hivyo miezi kumi na minane.

"Nilikuwa nakimbia kama mtu anayemeza kwinini. Unafumba macho, unameza, unashukuru imekwisha," anasema. "Halafu nikirudi nyumbani namkuta wifi yangu kakaa mlangoni. Swali lake ni lilelile: 'Wifi, leo ulikuwa unafukuzwa na nani?'"

Alikuwa amebakiza kidogo tu aache. Asubuhi moja soli ya kiatu chake ilibanduka, akainama pembeni mwa barabara kuifunga kwa kamba. Kundi la watu likampita likiongea kwa sauti kama wanaotoka harusini. Mzee mmoja akasimama, akakitazama kile kiatu.

"Mama, hicho kiatu kina njaa," akamwambia. "Kilete kibandani kwangu nikifunge mdomo. Na kesho njoo tukimbie wote."

Mama Mashuka akamjibu kwamba yeye ni mzito. Mzee akasema, "Sisi sote hapa wazito. Tumepishana uzito tu."

Mzee huyo ni fundi viatu, ana miaka sitini na mmoja, na ndiye aliyelianzisha kundi. Wapita njia waliwabandika jina la Konokono, nia ikiwa kuwaaibisha. Wao wakalichukua, wakalichapisha kwenye fulana.

Konokono wana sheria moja: anayetangulia hurudi. Mwenye mbio anakwenda mbele mpaka asisikie tena maongezi ya walio nyuma. Hapo anageuka, anarudi mpaka ampite wa mwisho, kisha anaanza upya kutoka nyuma yake. Kwa hiyo wepesi wanapata kilomita zao nyingi, wazito wanapata chache, na hakuna anayeachwa barabarani na pumzi zake.

Mwandishi alijaribu. Alifika na viatu vipya na maneno mengi, na kilomita ya pili haijaisha alikuwa wa mwisho, kaushika ubavu. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye mwenye mbio kuliko wote, alimrudia mara tatu. Hakumpa pole wala hakumuuliza hali. Alikuwa anasimulia habari za jogoo wa mwenye nyumba wake anayewika saa nane za usiku, na kila aliporudi aliendelea pale alipoishia. Hiyo ndiyo adabu yao: anayerudi anakuja na hadithi.

"Siku ya kwanza simu niliisahau nyumbani. Ya pili niliiacha makusudi," anasema Mama Mashuka. "Wiki ya pili tukawa tunapanda kilima, fundi akasema neno, nikacheka mpaka nikasimama. Nikajiuliza, hii sauti ya nani? Nilikuwa sijaisikia tangu darasa la sita."

Mwaka jana wakaamua kuingia kwenye mbio kubwa za mji, kilomita ishirini na moja. Ada ilikuwa sawa na mshahara wake wa siku nne. Masharti yalisema atakayepitisha saa tatu hahesabiwi, na nyuma ya wakimbiaji linakuja gari la kuwaokota waliochoka. Konokono kumi na watatu wakakaa kibandani kwa fundi, wakakubaliana jambo ambalo hawakuwahi kulikubali kabla: siku hiyo kila mtu na mbio zake.

Walijitahidi. Mama Mashuka alikimbia vizuri mpaka kilomita ya kumi na tatu, msuli wa mguu ukakaza. Akawa anatembea huku analia. Gari la kuokotea likamfikia, dereva akateremsha kioo.

"Akaniambia, 'Panda mama, usijiumize.' Kwa upole kabisa," anakumbuka. "Ule upole ndio ulionimaliza nguvu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nishike mlango."

Muda kidogo kabla ya hapo, mbali huko mbele, mwalimu wa hesabu alikuwa amevuka kilomita ya kumi na sita. Alikuwa katika mbio nzuri kuliko zote za maisha yake. Akasikiliza nyuma, asisikie maongezi.

"Sikuamua chochote," anasema mwalimu. "Nilishtukia nimegeuka. Miguu imezoea, utaifanya nini?"

Konokono wengine walipomwona anarudi, nao wakageuka, mmoja baada ya mwingine. Wakimbiaji mia kadhaa wakawa wanawapigia kelele kwamba wamepotea njia. Kwenye kilomita ya kumi na tano kulikuwa na mkeka wa plastiki uliotandazwa barabarani, ule unaosoma kifaa kidogo nyuma ya namba ya mkimbiaji. Wote kumi na wawili wakaukanyaga wakirudi, wakamfikia kabla hajaufungua mlango wa gari. Kisha wakaukanyaga tena wakienda, safari hii wakiwa na Mama Mashuka katikati yao na jogoo wa mwenye nyumba akiendelea kuwika.

Wakavuka utepe kwa saa mbili na dakika hamsini na saba. Mume wake, seremala, alikuwa pale, na jioni ileile akapigilia msumari sebuleni kwa ajili ya medali.

Jumanne majina yakabandikwa. Mama Mashuka alikwenda kuyasoma wakati wa mapumziko, na sare ya kazi bado imeloa. Alianzia chini, kwa kuwa anajijua. Jina lake lilikuwa la mwisho kabisa, nafasi ya 1,914 kati ya 1,914, na anakiri kwamba alilipapasa kwa kidole. Kisha akaanza kuwatafuta wenzake. Fundi hakuwepo. Mwalimu hakuwepo. Alisoma karatasi zote mara mbili, na hakumkuta hata Konokono mmoja.

Chini kulikuwa na maelezo: wakimbiaji kumi na wawili wamefutwa kwa kukimbia kinyume cha njia. Yeye hakuguswa, kwa sababu yeye ndiye pekee ambaye hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Wahenga wanasema mchuma janga hula na wa kwao," anasema, na hapa sauti yake inapanda juu ya mngurumo wa mashine. "Sasa hapa janga nimechuma mimi, wamekula wao, na mimi nikavishwa medali. Hiyo haki ya wapi?"

Konokono walimwambia aache. Fundi alimwambia avae medali yake alale nayo, wao hawana shida. Hakulala. Kesho yake akaomba ruhusa ya saa mbili, akaenda.

Katibu wa mbio ni kijana nadhifu mwenye meza ya kioo. Kwa maelezo ya pande zote mbili, mazungumzo hayakuwa marefu. Katibu alisema kanuni ni kanuni, na mbio ni za mtu mmoja mmoja.

"Nikamwambia, mwanangu, kilomita ya kumi na tatu ulikuwepo? Kama wale hawakumaliza, na mimi sikumaliza. Nifute."

Katibu akacheka, akasema hawezi kumfuta mtu asiye na kosa. Mama Mashuka akaivua medali, akailaza juu ya makaratasi yake, akarudi kazini. Kulikuwa na mashuka ya wodi ya wazazi yanamsubiri.

Medali bado iko kwenye droo ya katibu. Alimwonyesha mwandishi, akaonekana kukosa raha. "Sijui niiweke wapi," alisema. "Tuna fomu za kila kitu, lakini hatuna fomu ya medali iliyorudishwa."

Nyumbani haikuwa rahisi. Seremala alinuna siku mbili, na wifi akapata la kusema kwa wiki nzima. Mama Mashuka aliwaacha waseme. Anadai hajutii, ingawa ukimsikiliza vizuri utagundua kwamba siku ile ya Jumanne alizipenda sana zile dakika chache kabla hajaanza kuwatafuta wenzake.

Sasa mbio zimerudi. Ni Jumapili ya pili kutoka sasa, na safari hii waandaaji wamewaandikia Konokono barua rasmi: yeyote atakayegeuka nyuma atafutwa na kufungiwa miaka mitatu. Kibandani kwa fundi, wengine walipendekeza wasiende kabisa. Mama Mashuka alikataa, akasema wasipokwenda itakuwa kama wamekiri kosa. Wamejiandikisha wote, kumi na wanne.

Wa kumi na nne ni mpishi wa kantini ya hospitali, mwanamke wa miaka hamsini na miwili aliyefiwa na mumewe mwaka jana. Mama Mashuka ndiye aliyemvuta kwenye kundi, miezi minne iliyopita. Kwa sasa yeye ndiye wa mwisho, tena kwa mbali. Mama Mashuka mwenyewe amepanda mpaka nafasi ya tano, presha imeshuka, na mwalimu wa hesabu anasema akijikaza mwaka huu anaweza kumaliza ndani ya saa mbili na robo. Jina lake lingekaa katikati ya orodha, pahali pa heshima.

Mpishi analijua hilo. Wiki iliyopita alikuja hadi chumba cha kufulia na aproni yake, akasimama mlangoni.

"Dada, siku hiyo msirudi kwa ajili yangu," akamwambia. "Gari likija, nitapanda. Sitanuna."

"Utapanda gari gani wewe?" Mama Mashuka akamjibu bila kugeuka. "Shika hili shuka upande wa pili, tulikunje."

Wakakunja la kwanza, wakakunja la pili, na mpishi akachelewa kwenda kukaanga vitunguu. Habari ya gari hawakuirudia tena.

Mwandishi alimkumbusha Mama Mashuka kwamba akifungiwa miaka mitatu, siku atakayoruhusiwa tena atakuwa na hamsini na mmoja, na miguu haisubiri mtu. Alifuta jasho kwa kiwiko, akafunga mlango wa mashine, akabonyeza kitufe, na maji yakaanza kuingia.

"Mkeka wao nitauvuka, halafu nitasikiliza nyuma. Nisipomsikia, nitageuka, na nitaukanyaga kwa miguu yote miwili ili usome vizuri," alisema. "Jumanne wakibandika majina, nenda ukasome. Ukilikuta langu, njoo unipe pole."