Chupa ya Bi Nazima

Ilze Kalnina, fundi cherehani wa mtaa wa Nahlaot, Yerusalemu, alikuwa na kichwa kigumu, nakwambia. Alitoka Latvia na alitaka kuwa Myahudi, basi. Mara mbili marabi walimrudisha. "Binti, mwema asiye Myahudi ana fungu lake kwa Mungu. Amri saba za Nuhu zinamtosha. Hizi zetu mia sita na kumi na tatu za nini?"

Ndivyo tulivyo sisi Wayahudi: mwenye kubisha hodi tunamsukuma kwanza. Ilze akarudi kwenye vitabu.

Chini yake aliishi Bi Nazima, mjane Myahudi kutoka Iraki. Hita yake ya mafuta ya taa, hata ikiwashwa Ijumaa, huzimika alfajiri, na Myahudi hawashi moto siku ya Sabato. Wala kumwomba mwingine waziwazi hairuhusiwi, basi kila Jumamosi ya baridi ataanza: "Mwanangu, leo mifupa inanilalamikia." Ilze anawasha, kisha wanakula mayai na biringanya. Ila divai Bi Nazima humimina mwenyewe. Ilze akinyoosha mkono, chupa inahamishwa. Divai iliyoguswa na asiye Myahudi, kwetu hainyweki. Miaka sita, na kila mara ilimuuma Ilze.

Alipowaendea marabi mara ya tatu, rabi mzee akamuuliza, "Sabato iliyopita ulivunja nini?" Maana anayesubiri kuwa Myahudi lazima avunje kitu kimoja, Sabato kamili si yake bado.

"Niliwasha hita ya jirani."

"Ukiingia kwetu, nani atamwashia?"

"Sijui, rabi. Ila mimi sitaiwasha."

Marabi wakatazamana, wakamkubali. Jumatano akashuka kwenye birika la utakaso, akatoka Myahudi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumamosi theluji ikaanguka. Ilze akateremka na mablanketi mawili, akihofu asije akampoteza bibi yule.

"Mifupa inanilalamikia," Bi Nazima akasema, macho kwenye hita.

"Na yangu pia, mama. Hebu sogea."

"Kumbe!" bibi akaelewa. "Miaka sita nakuombea uwe wetu, kumbe najiombea baridi."

Wakabanana, meno yanagongana. Ilze akakaa, hakuondoka. Kisha bibi akaisukuma ile chupa ya divai mpaka mbele ya Ilze.

"Mimina wewe. Mikono yangu imeganda."

Ilze akamimina, nyingine ikamwagika mezani. Bi Nazima akabariki, akanywa mpaka tone la mwisho.